Safari ya Mwezi Mpevu

Wapo vijana wanaodunduliza nauli wafike Haad Rin, kisiwani Koh Phangan nchini Thailand, ambako tangu miaka ya 1980 watalii hukesha ufukweni kwa muziki na vileo kila mwezi mpevu. Safari si haramu. Qur'ani yatuhimiza kutembea katika ardhi tupate mazingatio. Basi na tuzingatie hili: mwezi huo ukiangukia siku takatifu ya Mabudha, tamasha huhamishiwa siku nyingine, na mgeni hungoja. Wenyeji wale wametanguliza ibada yao mbele ya fedha za mtalii. Kwetu Kendwa, Unguja, nako hukeshwa mwezi mpevu. Twawauliza wenye mahoteli na viongozi wetu: sisi twaona haya gani kudai heshima hiyohiyo?