Kijana akiombwa asome hadithi ya watoto, asicheke

Mimi husaidia kufundisha darasa la vijana katika kanisa moja hapa Eastlands, Nairobi. Kwa muda mrefu mafunzo yetu yalikuwa orodha ya marufuku: usinywe, usibeti, usilale nje. Vijana walijibu "amina" macho yakiwa kwa simu. Wengine waliacha kuja na hatukuwatafuta.

Jumapili moja nikabeba kitabu cha watoto, The Lion, the Witch and the Wardrobe cha C.S. Lewis, kilichochapishwa mwaka wa 1950. Walicheka. "Mwalimu, ati sasa sisi ni PP1?" Nikawaomba dakika kumi tu.

Kama hujakisoma, stori ni hii. Watoto wanne wanaingia nchi ya ajabu kupitia kabati la nguo. Mmoja wao, Edmund, anawasaliti ndugu zake kwa sababu ya peremende aliyopewa na mchawi. Sheria ya nchi hiyo inasema msaliti lazima afe. Simba aitwaye Aslan anakubali kuuawa badala yake, kisha anafufuka.

Tulipofika hapo, kijana mmoja ambaye huwa haongei akauliza, "Na ndugu zake wakamrudisha tu hivyo, baada ya kuwauza?"

Wenzake walipotoka alibaki nyuma. Akaniambia alikuwa amebeti pesa za karo, zikaisha, na mamake bado hajui. Nilikuwa nimemwambia "usibeti" mara nyingi sana. Sikuwahi kumwambia mtu hufanya nini akishabeti.

Mzazi mmoja alinipigia simu akiuliza mchawi anatafuta nini kanisani. Ni swali la haki. Lakini katika hadithi hii mchawi ndiye adui, na hakuna mtoto anayeimaliza akitamani kuwa yeye. Isitoshe, nabii Nathani hakumkemea Daudi moja kwa moja. Alimsimulia kwanza kuhusu maskini aliyenyang'anywa mwanakondoo wake wa pekee. Daudi alikasirika kabla hajajua kwamba mkosaji ni yeye mwenyewe. Naye Yesu alitumia mwana mpotevu.

Lewis mwenyewe aliacha imani akiwa kijana, akarudi kwa Ukristo mwaka wa 1931 akiwa na miaka 32. Alieleza kwamba utotoni, kuambiwa kila mara anavyopaswa kuhisi kumhusu Mungu kulimfanya asihisi chochote. Hadithi, aliona, hupita mahali ambapo mahubiri yamezuiwa mlangoni.

Nakubali kwamba kitabu hicho kimejaa theluji, ambayo wengi wetu tumeiona kwa TV tu. Basi waandishi wetu watupe zenye matatu, ploti na kibanda cha chapati. Sisi ni watu wa "Paukwa! Pakawa!" Hatuhitaji kufunzwa kupenda hadithi.

Kwa viongozi wa vijana nina ombi moja. Soma sura moja, kisha nyamaza. Usikimbilie kueleza kwamba simba ni nani. Ukieleza mapema, unairudisha kuwa orodha, na vijana watarudi kwa simu.

Yule kijana alimwambia mamake. Haikuwa rahisi, na karo bado inalipwa pole pole. Siku hizi hufika kabla yangu, na swali lake ni lile lile: "Mwalimu, leo tuko sura ya ngapi?"