Kansere: tarehe ya dawa njo inanyima wagonjwa usingizi

Mutu wa Butembo ao Goma akiambiwa ana kansere, anaanza kuhesabu mbele ya kulia: makuta ya safari, mahali pa kulala, nani atabaki na watoto. Mashine ya kutibu kansere kwa miale haiko Goma wala Bukavu. Wa Beni na Butembo wanapitia Kasindi kwenda Kampala, kwenye taasisi ya kansere ya Mulago iliyoanzishwa 1967. Wa Goma na Bukavu wengi wanaelekea Rwanda, hospitali ya Kanombe ao ile ya Butaro.

Ndiyo sababu mawazo ya wagonjwa wa kwetu si kuogopa kifo tu. Dawa za kansere zinatolewa kwa zamu, mara nyingi kila siku 21, na kuruka zamu kunaweza kuupa ugonjwa nguvu. Lakini M23 iliingia Goma mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Huko Goma benki zilifungwa, kiwanja cha ndege pia. Mgonjwa anajua tarehe yake, hajui kama atafika. Usingizi unapotelea hapo, kuliko kwenye sindano.

Nyumbani kuna shida ingine. Jamaa wanaficha jina la ugonjwa, eti asikate tamaa. Kisha nywele zinaanguka, majirani wananong'ona sida ao kulogwa, naye hana wa kuuliza. Kwa kawaida nywele zinaota tena dawa zikiisha. Asiyeambiwa hivyo anaamini mwili wake unakwisha. Kuficha kwa upendo (maana ni upendo kweli) kunamwacha peke yake.

Wengi wanashikilia maombi, na hayo yanawasaidia: wamama wa kanisa wanachanga makuta, wanapika, wanakaa naye hata bila kusema kitu. Hatari ni pale anapoambiwa amekwisha kupona, aache dawa. Akirudi kwa muganga miezi imepita, kansere inaweza kuwa imesambaa.

Kinachopunguza mawazo mara nyingi ni kidogo tu: mtu mmoja wa jamaa aandike tarehe zote, ashike namba ya muuguzi, aulizie mapema dawa ya kichefuchefu. Na kama mgonjwa halali wiki nzima, ao anasema maisha haina faida tena, muganga aambiwe zamu ileile. Hiyo pia inatibiwa.