Dawa za Maumivu Tunazotuma Nyumbani



Anayejiandaa kwenda nyumbani anaijua simu hii: "Mwanangu, usisahau zile dawa za maumivu za huko, za hapa hazinishiki." Basi tunafungasha. Pembeni ya viatu vya watoto tunaweka pakiti za kodeini, tramadoli alizobakiwa nazo mtu baada ya operesheni, na paracetamol za kutosha mtaa mzima. Mimi ni muuguzi hapa Uingereza, katika kliniki ya madaktari wa familia, na nimesomea na kusajiliwa kuandika vyeti vya dawa. Naomba tuzungumze kwa ukweli kuhusu masanduku hayo.

Nianze na njiani. Wengi wetu tunapitia nchi za Ghuba. Katika Falme za Kiarabu, kodeini na tramadoli ni dawa zinazodhibitiwa, na anayeingia nazo anatakiwa awe na kibali alichokiomba mapema. Misri nako, mwishoni mwa mwaka 2017, mwanamke mmoja Mwingereza alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa kukutwa na vidonge vipatavyo 290 vya tramadoli. Alijitetea kwamba alikuwa anampelekea mwenzi wake mwenye maumivu ya mgongo. Nia njema haikumsaidia.

Tukivuka salama, hatari inahamia kwa anayepokea. Kodeini ikiingia mwilini hugeuka kuwa mofini, na kuna watu ambao miili yao huigeuza kwa kasi kubwa. Ndiyo maana tangu mwaka 2013 hapa Ulaya haitakiwi kupewa mtoto wa chini ya miaka 12. Sasa jiulize, pakiti uliyompelekea mama ikikaa juu ya kabati, mjukuu akilia na jino usiku, nani atasoma karatasi ya Kiingereza iliyokunjwa ndani ya boksi? Au chukua diklofenaki, ambayo kwetu inauzwa kama pipi. Hapa Uingereza vidonge vyake viliondolewa kwenye mauzo ya bila cheti mwaka 2015 kwa sababu ya madhara kwenye moyo. Bibi anayemeza vidonge vya presha na vya kukojoza, ukimwongezea diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti, unaziweka figo zake rehani. Hata paracetamol ina mpaka wake: mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ukihesabu na zile zilizomo ndani ya dawa za mafua.

Msije mkadhani nasema wazungu wameyamaliza haya. Marekani walifungua bomba: OxyContin iliingia sokoni mwaka 1996 ikinadiwa kwamba si rahisi mtu kuizoea, na mwaka 2007 kampuni iliyoiuza ilikiri mahakamani kwamba ilipotosha watu. Waliozoeshwa na vyeti wengi waliishia kwenye heroini, kisha ikaja fentanili ya magendo. Mwaka 2021 pekee, Wamarekani zaidi ya 80,000 walikufa kwa kuzidisha dawa za jamii ya afyuni. Hapa Uingereza, Dk. Harold Shipman, aliyehukumiwa mwaka 2000 kwa kuua wagonjwa 15, alitumia heroini ya hospitali aliyoipata kwa kuandika vyeti vya uongo na kuchukua mabaki ya waliofariki. Uchunguzi uliofuata ulisababisha udhibiti kukazwa mwaka 2006. Kwa hiyo utaratibu ninaoufuata kazini umetokana na makaburi ya watu.

Lakini kuna upande wa pili, na huu ndio unaoniuma zaidi. Shangazi yangu alifariki kwa saratani ya kizazi katika hospitali moja ya mkoa. Wiki zake za mwisho alipewa Panadol. Alipolia, aliambiwa avumilie. Mofini haikuwepo, na hata ingekuwepo, waliokuwa zamu waliiogopa. Shangazi si peke yake. Ripoti ya tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Yaani kwetu diklofenaki inapatikana kila kona bila swali hata moja, na anayekufa kwa saratani anakosa mofini. Sanduku langu na lako haliwezi kuziba pengo hilo, wala mofini haisafirishwi kwenye sanduku.

Uganda walilishughulikia mapema. Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 kwa mofini ya unga inayochanganywa na maji, dawa rahisi ambayo mgonjwa anainywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 sheria yao ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika, kwa sababu vijijini daktari ni adimu. Uingereza yenyewe ilituruhusu wauguzi kuandika mofini kwa upana huo mwaka 2012. Tanzania nayo haianzii sifuri, maana Taasisi ya Saratani ya Ocean Road imekuwa ikitoa mofini ya maji kwa miaka mingi. Ila mgonjwa wa Mpanda au Micheweni yuko mbali na Ocean Road.

Sasa nije kwetu. Wengi wetu tunachangishana kujenga zahanati nyumbani, na mazungumzo huanza na jenereta na mashine ya ultrasaundi. Mimi nasema tuanze na daftari. Haya ndiyo ninayoyaona kila siku kazini, na hayahitaji kompyuta:

Kwanza, mgonjwa wa maumivu ya muda mrefu awe na mtu mmoja anayemwandikia dawa. Akizunguka kwa watatu, hakuna anayejua jumla ya anachomeza.

Pili, maswali kabla ya cheti: inauma wapi, tangu lini, unameza nini kingine, ikiwemo mitishamba na pombe? Mofini au tramadoli ikikutana na dawa za usingizi au pombe inaweza kuzima pumzi. Na anayeanzishiwa mofini apewe na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo, la sivyo ataiacha.

Tatu, kila cheti kiwe na mwisho. Kwetu hapa dawa zinazodhibitiwa tunashauriwa tusizidishe za siku 30. Kabla ya kurudia tunauliza: anaweza kutembea zaidi, analala? Kama haimsaidii, tunaipunguza polepole.

Nne, rejista ya dawa kali: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, tarehe na saini. Kabati lifungwe na ufunguo uwe na mwenyewe.

Tano, itengwe siku maalumu ya kurudia vyeti, ili bibi wa magoti asipange foleni moja na mtoto mwenye degedege. Foleni inapopungua, muuguzi anapata nafasi ya kuuliza maswali. Ukimharakisha, ataandika tu kile alichoandika mwenzake mwezi uliopita.

Najua kuna watakaosema kwamba nyumbani hali ni ngumu na mtu akiumwa hatuwezi kukaa kimya. Kweli kabisa. Badala ya kidonge, tuma nauli ya kwenda kupimwa. Piga simu, mwambie asome kwa sauti kila dawa aliyonayo, uiandike. Na waheshimiwa wabunge wanapokuja huku kutuomba tuwekeze, tuwaulize: hospitali ya wilaya yako ina mofini ya maji? Nani anaruhusiwa kuiandika daktari akiwa safarini? Kama jibu ni kwamba hakuna, hapo ndipo pa kuanzia.

Naomba kutoa hoja.