Baiskeli ya mkaa: fedha zianzie gurudumu la nyuma

Wengi wanaounga baiskeli za kuleta mkaa Dar es Salaam kutoka Kisarawe na Kibaha hununua kwanza fremu inayong'aa, kisha chenji inayobaki ndiyo hugawiwa magurudumu. Hesabu hiyo ina kasoro.

Fremu ya Phoenix au Avon iliyotumika, kama haijapinda wala kuchomelewa, bado ni mali. Mzigo hulielemea gurudumu la nyuma. Ndiyo maana kwa kawaida hufungwa spoku 40, la mbele 32. Spoku dhaifu zikikatika, ringi hupinda, tairi husugua fremu na magunia hulala njiani. Safari moja iliyopotea yaweza kumgharimu mwenye mtaji kuliko bei ya spoku nene.

Breki nazo si za kubania. Ringi ya chuma ikilowa mvua, mipira hushika kwa shida, na mteremko wa Pugu hausubiri. Kengele na mapambo vingoje.

Bodaboda zimekwisha kuchukua sehemu ya biashara hii. Baiskeli inashindana kwa kutonunua petroli tu, na nafuu hiyo huishia kwa fundi spea zikiwa mbovu. Muuzaji akikataa kuizungusha ringi mbele yako, usilipe.