Maoni: Mlevi wa Kituku anaumwa, tuache kumtukana

Kwenye bandari ya Kituku, hapa Goma, si ajabu kuona kijana amelala kando ya mashua saa mbili asubuhi, ananuka kanyanga. Wapita njia wanasema hana akili. Kwangu, tunamhukumu haraka.

Mwaka 2020, watafiti wa Scripps Research huko Marekani walichunguza panya waliokuwa wamekunywa pombe kwa muda mrefu. Katika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na woga, IL-10 ilikuwa imepungua. Hiyo ni protini ambayo mwili unatengeneza ili kutuliza uvimbe. Walipoiongeza hapo, panya wakapunguza kunywa, na wasiwasi wao ukashuka.

Ndiyo, panya si mtu. Lakini wasiwasi Kituku haujakosekana. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti kutoka Minova lilizama hapa hapa, karibu na bandari, makumi ya watu wakafa. Januari 2025 vita vikaingia mjini. Nani alikuja kuuliza wabeba mizigo kama wanapata usingizi?

Muuguzi anayepokea mlevi aulize pia juu ya woga na ndoto mbaya, asitibu kidonda cha kuanguka tu. Na ninyi wazazi, musimufungie mtoto ndani ili aache mara moja. Anayekunywa sana kila siku akikatiwa pombe ghafla anaweza kupata kifafa, hata kufa. Mumupeleke kwanza kwenye kituo cha afya.