Chandarua Kina Umri Wake

Msafiri atokaye Mombo kwa barabara ya Moshi huikuta Mazinde chini ya milima ya Usambara, katika nchi ya mkonge. Wenyeji wa huko hawana haja ya kufundishwa kwamba uzi una umri. Wamekata majani ya mkonge, wakaanika singa na kuzifunga robota, nao wajua ipi itavuta mzigo na ipi itakatika. Ajabu ni kwamba tunapogawa vyandarua, ujuzi huo tunausahau.

Wilaya ya Korogwe imechunguzwa sana kwa ajili ya malaria. Katika vijiji vilivyofuatiliwa tangu 2003 hadi 2008, watu waliokutwa na vimelea katika uwanda wa chini walipungua kutoka asilimia 78.4 hadi 13.0, milimani, kutoka 24.7 hadi 3.1. Thamani ya utafiti huo, kwa maoni yangu, imo katika ile miaka. Lau wataalamu wangalipima mara moja na kwenda zao, tungalijua kuwa ugonjwa upo, tusijue mwenendo wake.

Chandarua hatukitendei hivyo. Mara nyingi huhesabiwa siku ya kugawiwa, kisha daftari likafungwa. Nacho si kitambaa tu kilichochovywa dawa. Ile aina iliyoanza kutengenezwa Arusha mwaka 2003 huchanganywa permethrini ndani ya poliethilini kabla uzi haujavutwa. Dawa husafiri polepole kutoka kiini cha uzi, na ile ya juu ikiondoka kwa kufuliwa, ya ndani hushika nafasi yake. Ni uhandisi wa kusifiwa. Maabara hukifua chandarua mara 20 na kukipima, lakini maabara haina kitanda cha miti chenye ncha, wala koroboi, wala panya. Uchunguzi wa aina 3 za vyandarua nchini mwetu, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa nusu yake vilikwisha kufaa kati ya miaka 2.0 na 2.6, ilhali hutazamiwa kudumu miaka 3.

Mbu naye amebadilika. Sehemu nyingi amezizoea dawa zilizobuniwa kwa mfano wa pareto. Jaribio la Misungwi, lililochapishwa mwaka 2022, lilionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa hiyo pamoja na klofenapiri vilipunguza malaria ya watoto kwa asilimia 44 katika miaka 2, kuliko vile vya dawa moja. Wapo watakaosema: basi vije hivyo, mjadala uishe. La, hasha! Navyo hutoboka. Tena mtoto aliyekulia penye malaria haba hana ile kinga ambayo babu yake aliipata kwa kuugua mara kwa mara. Chandarua chake kikichanika kabla ya ugawaji ujao, vimelea huukuta mwili usiovizoea.

Nashauri kila chandarua kiandikwe mwezi na mwaka wa kutolewa, na kila miezi 6 mhudumu wa afya wa kijiji apite katika nyumba chache, zile zile, akahesabu matundu, kama mama ampelekavyo mwanawe kupimwa uzito na kadi mkononi. Gharama yake ni daftari na mwendo wa miguu. Kijiji kitakachoonekana kuwa nusu ya vyandarua vyake vimekwisha katika mwaka wa 2, kisingojeshwe hadi wa 3.