TELEVISHENI IMEKULA MKUTANO WETU

Ndugu memba na wafanya kazi wote,

Twaomba nafasi katika karatasi hii ya chama tuseme neno juu ya televisheni. Wengine watacheka na kusema, "Hawa wamekosa la kuandika. Mishahara haitoshi, nyumba zavuja, nao wanagombana na sanduku la picha." Wacheni wacheke, lakini wasome mpaka mwisho, maana jambo hili limekwisha kutugharimu siku yetu ya mapumziko.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka jana mwajiri alileta barua ya kubadili zamu. Barua ilisema kwamba Jumapili itahesabiwa siku ya kazi kama siku nyingine, na kila mtu atapewa mapumziko siku yo yote katika juma itakayoifaa kazi. Chama kilipewa siku kumi za kujibu. Katibu akaita mkutano wa tawi siku ya Jumapili saa kumi alasiri, kwa sababu saa hiyo watu wametoka kanisani na wamekwisha kula. Ilani zilibandikwa karakanani, yadini na stesheni. Tawi letu lina memba 124. Kanuni yataka watu 40 wawepo ndipo mkutano uweze kukata neno. Tulifika watu 19.

Watu kama 30 walikuwa kazini, hao hatuwalaumu. Lakini waliobaki ni zaidi ya 70, na wengi wao walikuwa mbele ya televisheni, maana saa kumi ile ile timu mbili kubwa za Uingereza zilianza kucheza. Tulipokuwa tumeketi kuwangoja, tulisikia makelele ya goli kutoka nyumba za jirani. Mwenye kiti alingoja mpaka saa kumi na moja, akatuomba radhi, akafunga daftari.

Siku ya kujibu ilipofika katibu alikwenda afisini mikono mitupu. Akaulizwa, "Memba wako wamesema nini?" Hakuwa na la kusema, kwa kuwa memba hawakusema kitu. Zamu mpya zikaanza mwezi uliofuata. Na sasa, ndugu, Jumapili saa kumi wengi wa wale walioukimbia mkutano wako yadini wakifunga mabehewa. Mkutano waliukosa, na mpira hawauoni. Wazee walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

Hatusemi kwamba televisheni ni kitu kiovu tangu mwanzo wake. Yatuletea habari, na mtu aliyechoka hana dhambi akipumzika kidogo. Hata sisi tunaoandika tumewahi kuacha mambo ya chama kwa ajili ya mpira. Lakini chombo kikiwa bwana na mwenye chombo akiwa mtumishi, yafaa tuulize.

Televisheni ilifika Kenya mwaka 1962, na kwa miaka mingi watu wa kazi hawakuwa nayo. Tulipokuwa watoto tuliona seti moja ndogo ya picha nyeusi na nyeupe, ikiendeshwa kwa betri ya gari, ikitazamwa na watu wa nyumba kumi. Walikaa pamoja, na picha zilipokwisha walibaki wakizungumza. Leo kila mlango una seti yake, nyingine imenunuliwa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku, na picha zimeingia hata katika simu. Mtu akitoka kazini hufunga mlango. Jirani yake akipunguziwa saa au akiandikiwa barua ya onyo, hajui. Zamani habari kama hizo zilipita kibarazani jioni, na kabla ya kulala watu walikuwa wamekwisha kujua la kufanya.

Jambo hili tumelithibitisha kwa macho. Mwanzoni mwa mwaka 1915 hatukuwapo, lakini mwanzoni mwa mwaka 2015 tulikuwapo, wakati stesheni kubwa za watu binafsi zilipokuwa kimya kwa karibu majuma matatu, kwa ajili ya ugomvi juu ya kuhamia mitambo ya dijitali. Mtaani kwetu watu walinung'unika siku mbili tatu. Kisha viti vikatolewa nje, wazee wakacheza drafti, na maneno ya kazi yakarudi. Picha ziliporudi, viti vikarudi ndani.

Pili, ni hatari ya kazi yetu. Michezo mingi ya Ulaya huanza saa nne au saa tano za usiku kwa saa zetu, na ile ya saa tano haimaliziki ila karibu na saa saba. Saa kumi na mbili alfajiri mtu yuleyule yampasa kusimama kati ya mabehewa. Mwenzetu mmoja, ambaye jina lake twalificha, alitoa ishara ya kurudisha injini nyuma hali mwenzake bado yu katikati akifunga cheni. Aliyeokoa maisha ni dereva, ambaye alikuwa na shaka akataka ishara ya pili. Baadaye yule bwana alikiri kwetu kwamba alilala saa nane. Tuliye naye mpaka leo ana mke na watoto wanne. Tungaliwaambia nini?

Tatu, ni kamari. Mpira wa televisheni na kamari vimekuwa mapacha. Mtu hatazami tena mchezo, anatazama fedha zake. Mwaka 2025, mwezi wa Aprili, serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, maana hata wakubwa waliona kwamba yamepita kiasi. Lakini serikali haiwezi kukaa sebuleni kwako. Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu, lakini yeye angalau alishiba.

Nne, ni nyumba zetu. Hadithi za Mexico na za Ufilipino zimeonyeshwa katika nchi yetu miaka mingi. Angalieni watu wake: wana majumba na magari, wanapendana na kulia, lakini ni mara chache sana kumwona mtu akifanya kazi ya mikono. Mtoto akitazama hayo kila jioni, ataona baba yake mwenye nguo za mafuta kuwa kitu cha aibu. Hatajua kwamba unga anaokula ulipita katika mikono ya watu kama baba yake. Nasi tunakula kimya, macho ukutani, hata hatumwulizi mtoto amejifunza nini.

Ndugu, tukumbuke waliotutangulia. Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wapata 15,000 wa Mombasa waligoma, watu wa bandari na wa reli pamoja na wengine wengi. Walikutana katika uwanja wa Kiembeni, nao wakauita Kiwanja cha Maskini. Hawakuwa na kipaza sauti kizuri wala viti. Kila mtu alikuja kwa miguu yake, akasikia kwa masikio yake, na mwenzake wa kulia na wa kushoto akamwona kwamba yupo. Ndiyo sababu serikali ya wakati ule iliweka baraza la Jaji Thacker kuchunguza mishahara, na nyongeza ikapatikana. Kama wangalibaki kila mtu nyumbani kwake akitazama picha, nani angaliwahesabu?

Basi twashauri hivi. Siku ya mkutano, televisheni izimwe mpaka mkutano uishe, na bibi zetu watusaidie kwa kutufukuza nyumbani. Katibu naye atazame saa za mpira kabla ya kupanga mkutano, asitafute ugomvi bure. Mwenye zamu ya alfajiri alale mapema, matokeo atayasikia asubuhi kwa wenzake. Watoto wafanye masomo kwanza, picha baadaye.

Jambo la Jumapili halijafa. Katibu ameomba lifunguliwe tena, naye ataita mkutano mwingine karibuni. Tunahitaji watu 40. Wale wachezaji wa Uingereza hawatujui, na tusipowatazama watacheza vilevile. Lakini tusipofika mkutanoni, hakuna mwingine wa kutusemea.

Ni sisi wenzenu wa yadi na karakana.